Vitanda Viwili vya Kobe

Jumatatu, tarehe 3 Agosti

Dada, daftari ulilompa dereva wa basi mlangoni pa zahanati yenu limefika, na kona moja tu imekunjika. Kwenye jalada umeandika: lijaze mambo ya nyumbani, kisha unirudishie. Nimekubali. Naahidi kuandika kila kitu, pamoja na yale yanayonipaka matope mimi mwenyewe, ingawa natumaini hayo yatakuwa machache.

Habari kubwa: Baba ananunua gari la kulala! Nyumba kabisa, ila ina magurudumu. Jiko, vitanda, mapazia. Amechoka kwenda mji huu na mji ule kutengeneza mizani za wafanyabiashara na kurudi nyumbani kila jioni kama kuku. Likizo hii atazunguka mfululizo, na Mama ataendesha. Mama ameendesha gari la mikate miaka mingi. Baba akishika usukani, waenda kwa miguu hutupita wakitusalimia.

Sasa jambo linalonikosesha raha. Jana nilikuwa nasuuza vikombe. Sikutega sikio, sikio lilikuwa pale lenyewe. Baba alisema gari la vitanda viwili litatosha. Mama akasema litatosha kabisa.

Hesabu ni nyepesi. Baba, kitanda. Mama, kitanda. Mimi?

Mimi kwa Shangazi! Shangazi ni mtu mwema, sikatai. Lakini nyumba yake ina saa tatu za ukutani, kila moja inaamini wakati wake, na redio haizimwi hata watu wakilala. Likizo nzima! Nao wako barabarani, wanachemsha chai nyuma ya gari!

Nimeazimia: gari litakalonunuliwa lazima liwe na vitanda vitatu au zaidi. Sitasema uongo. Nitausaidia ukweli tu, pale utakapochoka.

Jumanne, tarehe 4 Agosti

Tumekwenda kwenye uwanja wa dalali wa magari. Watu wanamwita Bila Shaka, na tulipofika tukajua kwa nini. Mama aliuliza kama mapaa yanavuja. Bila shaka hayavuji. Akauliza kama injini hazijaguswa. Bila shaka hazijaguswa. Baba akamuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kulala ndani ya gari lolote kati ya hayo. Akashikwa na kikohozi.

Magari ya kulala ni mawili. La kwanza nimelipa jina la Kobe. Dogo, la kijani, lina nundu juu. Ndani kuna jiko la mioto miwili, kabati, kochi la kulalia kando ya dirisha, na juu ya viti vya mbele kitanda chembamba kama rafu ya vitabu. Nimehesabu mara mbili. Viwili.

La pili ni Sultani. Ah, Dada! Vitanda vinne. Sinki. Friji. Choo chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Kila kitanda kina taa yake ya kusomea, nami nimeziwasha zote na kuzizima zote.

Usiku, baada ya chakula, nilisimama nikawasomea insha yangu, "Faida za Gari Kubwa." Utangulizi, faida nane, hitimisho. Niliisoma kwa sauti ya kupanda na kushuka kama tulivyofundishwa. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza hasara ziko wapi. Sikuwa nimeandaa hasara. Mama akasema mwanafunzi anayeona upande mmoja tu apelekwe kwa Bila Shaka akafundishwe kazi.

Lakini amekubali kumjaribu Sultani barabarani kesho! Dereva hamkatai farasi kabla ya kumpanda, amesema. Nalala na tabasamu.

Jumatano, tarehe 5 Agosti

Siku mbaya. Lakini naahidi kuandika yote.

Bila Shaka alimpa Mama ufunguo. Tukapanda wote watatu. Mama akamtoa Sultani mahali pake taratibu, kama mtu anayemwongoza bibi harusi. Nikamwambia Baba aone jinsi lilivyo jepesi. Mama akachungulia lango la uwanja, akamuuliza Bila Shaka kama gari litapita. Bila shaka litapita, kwani liliingiaje?

Tukaingia langoni. Tukafika katikati ya lango. Tukabaki katikati ya lango.

Nguzo huku, nguzo kule. Sultani hakwenda mbele wala hakurudi nyuma, alitoa tu sauti ya kijiko kinachokwangua sufuria. Mama alizima injini. Hakupandisha sauti hata kidogo. Alishusha kioo, akamuuliza Bila Shaka lango hili limejengwa lini. Dalali akaangalia viatu vyake. Ikabainika kwamba Sultani aliingia kwanza, ukuta ukajengwa baadaye! Ndiyo maana hajauzika tangu zamani.

Milango ya mbele haikuweza kufunguka. Tulitokea dirisha la nyuma: Mama, kisha Baba, kisha mimi na insha yangu. Baba alinitazama nikiikunja. Akaniuliza kama hiyo nayo ni faida, ya tisa. Nikaitia mfukoni insha yangu ya darasa la sita.

Mafundi wawili walivunja nguzo moja. Sultani ametoka kwenye hesabu.

Alhamisi, tarehe 6 Agosti

Si mwisho wa dunia. Bila Shaka, kwa aibu ya jana, ametuambia kuna gari jeupe linaloletwa wiki ijayo. Vitanda vitatu! Kwa hiyo kazi yangu sasa ni moja: Kobe akataliwe, tusubiri jeupe.

Niliamka nikiwa na mpango safi kabisa. Baba ni mrefu. Kobe ni mfupi. Nikamwambia Baba, kwa heshima zote, kwamba mnunuzi makini hulala kwanza kitandani ndipo anunue, ili asije akanunua kitanda kinachoishia magotini. Baba akasema hilo ni neno la maana. Nikafurahi. Akavua viatu, akajinyoosha kwenye lile kochi la dirishani. Nilisubiri miguu ining'inie.

Miguu haikuning'inia. Baba alisema atafumba macho kidogo ili ausikilize mgongo wake.

Akalala! Baba yuleyule asiyepata usingizi bila mto wake mwenyewe! Alikoroma mpaka vikombe kabatini vikaitikia. Mama akaja, akamtazama, akamfunika kwa kitambaa chake cha kichwa, akaenda kukagua injini. Mimi nilikohoa. Nikafunga mlango kwa nguvu. Nikaufungua, nikaufunga tena. Bila Shaka akaninong'oneza nisimwamshe mteja, Mungu anisaidie.

Alipoamka aliuliza ni saa ngapi. Kisha akasema hajalala hivyo tangu wewe, Dada, ulipozaliwa. Akatoka na soksi, akampa Bila Shaka mkono.

Kobe amenunuliwa. Na aliyemlaza mnunuzi ni mimi.

Jioni Shangazi alikuja kumtazama. Alizunguka, akapiga magurudumu teke, akasema gari ni zuri ila limekaa kama mtu aliyekosewa heshima. Akanigeukia, akauliza kama bado naogopa giza. Kwa nini aulize hivyo, kama hajaanza kunitandikia?

Ijumaa, tarehe 7 Agosti

Leo nilikuwa na tumaini moja la mwisho, tena kubwa. Mlangoni mwa Kobe kuna kibati kinachoonyesha mzigo anaoweza kubeba. Baba alimwambia Bila Shaka tangu jana: atapima kila kitakachosafiri, na mzigo ukizidi, Kobe atarudi uwanjani na tutangoja jeupe. Bila Shaka alikubali. Baba hapendi kukisia. Mtu wa mizani akikisia, husema, ni kama mwalimu wa kuogelea aliyezama.

Basi leo karakana ilijaa vyombo vyetu. Ile mizani kubwa ya magunia ikawekwa katikati. Magodoro, sufuria, madumu ya maji, vifaa vya kazi. Baba akipima, Mama akipanga. Tukabaki watu, na mwisho kabisa sanduku la mawe ya mizani, yale ya chuma ambayo Baba huyatumia kuhakikisha kama mizani ya mtu inasema kweli.

Nikafikiri: mzigo ukiongezeka kidogo tu, Kobe anarudi. Na ni kitu gani kidogo lakini kizito?

Dada, walipokwenda kunywa chai nililifungua sanduku. Nilichukua mawe kadhaa. Mengine soksini, mengine kwenye mifuko ya koti la baridi la Mama, nikalivaa. Jua lilikuwa kali. Nikasema nasikia homa.

Alianza Mama. Kisha Baba. Kisha mimi. Nilitembea kama bata aliyevaa viatu vya jirani, nikapanda. Mkono wa mizani ukaruka. Baba akauangalia, akaniangalia, akaniuliza nimekula nini. Mama akasema mtoto anakua, tena wasichana wa umri huu hukua kwa ghafla. Nikaitikia kwamba hata mimi nimehisi hivyo. Baba akaandika. Nilimwona Kobe akirudi uwanjani! Nililiona gari jeupe!

Kisha akainama kulibeba sanduku. Akajiandaa kama anavyojiandaa siku zote, kwa magoti. Sanduku likapaa. Nusura limpige kidevuni.

Alilipima. Akatazama karatasi yake, halafu akamwita Mama aje aone maajabu: sanduku limekonda, binti amenenepa, na vyote viwili kwa kiasi kilekile.

Ndipo akaniambia, "Mwanangu, ukihamisha mzigo kutoka kikapu cha kushoto kwenda cha kulia, punda atajua?"

Nilifungua mdomo nijitetee. Soksi ya kulia ikajibu kabla yangu. Jiwe likateremka, likagonga sakafu, likabingirika mpaka miguuni pa Mama.

Nikalia. Nikasema yote, Dada, kwa haraka na bila mpangilio wa aya: vitanda viwili, Baba kimoja, Mama kimoja, mimi kwa Shangazi na saa zake tatu, na nyie mnakunywa chai.

Walitazamana. Mama akavuta kigoda, akaketi mbele yangu.

"Chumbani kwetu," akauliza, "umewahi kuona vitanda vingapi?"

Nilifikiri. Nikasema kimoja.

"Haya."

Baba akageukia dirishani, mabega yanacheka. Kisha akanishika mkono mpaka ndani ya Kobe, akaushika ubao ulio chini ya kochi, akauvuta. Kochi likafunguka. Kitanda cha watu wawili, Dada, kipana kama uwanja! Jana sikuona kwa sababu Baba alikuwa juu yake, na aliyemlaza nani? Baba anasema alilala pale kwa makusudi, apate kukipima. Mama anasema hata kukoroma basi kulikuwa kwa makusudi.

Ile rafu ya juu ni yangu. Mama ameshaishonea pazia la manjano. Alikuwa amelificha chini ya cherehani, anishangaze nalo siku ya safari.

Adhabu yangu: kufuta mawe yote kwa kitambaa kikavu, moja moja, kwa sababu jasho la vidole nalo lina uzito wake, na mfanyabiashara ambaye jiwe limemdanganya huwadanganya wanaonunua kwake bila kujua. Nimefuta mpaka yameng'aa. Nimemwahidi Baba kwamba katika maisha yangu sitaigusa tena mizani ya mtu yeyote bila ruhusa. Nimeahidi kwa moyo wote.

Mzigo haukuzidi. Imebaki nafasi ya mtu mwembamba.

Jumapili, tarehe 9 Agosti

Tunaondoka keshokutwa! Jana usiku nililala kwenye rafu yangu, Kobe akiwa amesimama uani. Nikikaa kichwa kinagusa paa. Nikilala naona nyota mbili na kona ya bomba la jirani. Sijawahi kuwa na chumba changu mwenyewe, na hiki kina usukani.

Shangazi amenipa tochi, kwa ajili ya giza. Kumbe ndiyo sababu aliuliza. Nimembusu mashavu yote mawili.

Jambo moja tu. Baba ametuonyesha njia tutakayopita, na mji wenu haumo. Nimemuuliza. Amesema ametoa ahadi kwa wateja, na fundi haendi asikoitwa. Kwenu hakuna mizani iliyolalamika. Lakini nimemwona Mama akilipiga pasi lile gauni alilokushonea, akalikunja, akalitia ndani ya Kobe hivyohivyo. Baba naye alimwona. Akajifanya anatafuta bisibisi.

Wanataka kuitwa tu, Dada. Wanatafuta sababu. Nimelifikiria hili tangu asubuhi, nikiwa nimelala chali nyuma ya pazia langu, na nadhani nimepata mpango usio na kasoro. Mimi nimeapa kutogusa mizani ya mtu, na sitaigusa. Wewe hujaapa.

Dereva wa basi anarudi kwenu kesho alfajiri na daftari hili, na amesema atangoja jibu lako mlangoni: ile mizani ya watoto hapo zahanati kwenu, mkishamaliza kuwapima wote (wote kabisa, asibaki hata mmoja), ukaizungusha kidogo tu ile skrubu ya chini, mkuu wenu atampigia Baba simu siku hiyohiyo, au yeye ni mtu wa kusubiri mpaka Jumatatu nyingine?