Kisanduku cha Kumkomesha Faridi

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Nimefungua ripoti ya tovuti kabla ya kunawa uso. Wiki iliyopita Google ilituletea watu mia mbili kwa siku. Jana kumi na tisa. Nimekosa hamu ya chai. Tovuti ni ya Shangazi Hidaya, muuza dagaa wa jumla, na kazi ya kuiangalia ndiyo inayonipa chumba kwake hapa Ujiji. Kasema namba zikizidi kushuka, kazi na chumba vinakwenda kwa binamu Faridi.

Jumatano, 5 Novemba
Kumi na mmoja. Kasi ya tovuti nzuri. Kurasa zote zinafunguka. Basi si ugonjwa, ni mkono wa mtu. Jana Faridi kaja kula ugali wetu, kaniuliza kwa upole tovuti inaendeleaje. Upole ule una lake jambo. Shangazi kanishauri nishuke mwaloni nikaone mitumbwi. Nikamjibu kwa adabu kwamba ya mtandaoni hayatibiwi ufukweni.

Ijumaa, 7 Novemba
Dawa imepatikana! Kwenye mipangilio kuna kisanduku cha kuzuia Google na wenzake wasiione tovuti. Nimekitia tiki. Faridi na atafute mpaka vidole viote sugu. Kwangu inafunguka kama kawaida, kwa hiyo wateja hawatadhurika.

Jumatano, 12 Novemba
Sifuri. Mteja wa Dodoma katutafuta Google akatukosa, kampigia Shangazi kumpa pole ya kufunga biashara. Faridi kaitwa. Katoa tiki kwa dakika moja. Kisha kaniuliza mbele ya watu mzaliwa gani wa Ujiji asiyejua kwamba mbalamwezi ikiwaka mitumbwi haivui dagaa. Wachuuzi wa mikoani wanajua, ndiyo maana wiki ile hawakutafuta bei. Shangazi hakunigombeza. Kalitoa begi langu nje, kalifuta vumbi, kaingia ndani. Nimelia, sifichi.

Jumanne, 18 Novemba
Giza limerudi ziwani, dagaa wamejaa, watu mia tatu kwa siku. Sifa zote kwa Faridi, naye analala kitandani kwangu. Mimi niko Buzebazeba kwa rafiki, mkekani, mbavu zinauma. Lakini Mungu hamtupi mja wake. Mama Winfrida, fundi cherehani wa Mwanga, kanikabidhi tovuti yake mpya. Habari zangu hazijamfikia. Kaniuliza naanza na nini. Nikamwambia usalama kwanza. Kile kisanduku nimekitia tiki kabla hata ya kuweka picha ya gauni moja. Safari hii Faridi haoni kitu ng'o.