Jinsi Theodora wa Garland Alivyoipata Ala Isiyobanduka

Sogeeni, enyi mnywao chai, nanyi mlio kazini mkijifanya mnasoma barua pepe! Tegeni masikio mpate habari ya Theodora binti Kamugisha, muuguzi wa Garland, mchoma sindano asiyetetemeka, na jinsi alivyoitafuta ala ya bastola katika nchi ya Texas, mwaka wa elfu mbili na kumi na nane.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Machi, naye alikwenda Haltom City kushindana kulenga shabaha kwa mara ya kwanza maishani. Kiunoni alivaa ala ya kitambaa aliyoinunua gulioni kwa bei ya sahani ya wali. Kengele ikalia, shujaa akachomoa silaha kwa kishindo, na lo! ala nayo ikachomoka mkandani, ikaja juu imening'inia kwenye mtutu. Msimamizi wa usalama, mzee wa ndevu nyeupe, akamsimamisha hapo hapo, akamtoa mashindanoni kwa upole uliouma kuliko tusi. "Rudi mwezi ujao, bibie, na holsta inayobaki mahali pake."

Kiplagat, muuguzi mwenzake aliyemleta, akashindwa kujizuia. "Aki Sister, umetoa bunduki pamoja na soksi yake!"

Kicheko kile kilimwingia Theodora kama mkuki. Wiki nzima kilimfuata wodini. Hata mgonjwa akikohoa, yeye alisikia anachekwa. Akaapa mbele ya mumewe, Edson, aliyekuwa akipiga pasi: "Edson, baba wa wanangu, nishuhudie! Sitaonja nyama choma kwa mtu, wala sitakanyaga sherehe, mpaka nipate ala inayonistahili!"

"Sawa, mke wangu," akajibu Edson. "Ila isile kodi ya nyumba."

Basi akatoka kwenda vitani. Huko Fort Worth akakuta dukani ala ya ngozi iliyonakshiwa maua, yang'aa kama tandiko la farasi wa sultani; akageuza kibandiko cha bei, akakirudisha taratibu, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mkwewe anavaa. Akaagiza nyingine mtandaoni, ya bei ya huruma. Ikafika baada ya siku tisa: nzuri, imara, na ya mtu wa mkono wa kushoto. Theodora, yeye aliyewahi kuzalisha mapacha ndani ya lifti, akaketi sakafuni akadondosha machozi mawili, moja kila jicho.

Ndipo kundi la WhatsApp la akina mama wa Kitanzania lilipomletea habari za Rukaya, mfamasia wa Sugar Land, mlenga shabaha hodari mwenye bastola ya aina ile ile, ambaye amenunua ala mpya na ile ya zamani imelala kabatini. Theodora akapika ndizi na maharage sufuria nzima, akaifungia bastola tupu katika kasha lake, akaendesha gari kwa muda wa saa nne kuelekea kusini, akiyapita malori kama apitaye majeshi.

Rukaya akampokea kwa salamu ndefu, kisha akasimama kama kadhi. "Dada yangu, usihadaike na nakshi! Ala njema huifunika triga, yaani kifyatulio, isiguswe na kitu, imeumbwa kwa bastola yako wala si ya jirani, nayo huung'ang'ania mkanda kama kichanga na titi la mama. Mengine ni mapambo ya arusi!"

Akakagua mara mbili kuwa bastola ni tupu, akaichomeka katika ala ya plastiki ngumu, nyeusi, yenye mikwaruzo, akaipindua juu ya godoro na kuitikisa. Akatikisa tena. Haikutoka.

"Bei gani?"

Rukaya akaitazama sufuria. "Dola ishirini, na hiyo sufuria hairudi Garland."

"Sufuria ni ya arusi yangu!"

"Basi ndizi zibaki, sufuria nenda nayo."

Aprili ikafika. Kengele ikalia. Mkono ukashuka, mkono ukapanda, bastola ikaja peke yake, na ala ikabaki kiunoni kama mlima. Shabaha nyingine alizipata, nyingine zingali nzima hadi leo. Akamaliza wa thelathini na nane kati ya watu thelathini na tisa. Mzee msimamizi akautazama mkanda wake, akatikisa kichwa kwa kukubali, akasema, "Anayefuata!"

Edson akapiga simu. "Umeshinda?"

"Imebaki kiunoni!" akanguruma binti Kamugisha, hata ndege wakaruka toka kwenye nyaya za umeme.

Na iandikwe katika kumbukumbu za Garland mpaka Haltom City, na wajukuu wasomeshwe, kwamba siku ile, saa nne asubuhi, bastola ilitoka na ala haikutoka.