Siku Tisini Ndani ya Kabati la Kioo

Kituo cha Kulinda Ubunifu wa Mafundi kimefanikiwa kwa asilimia mia moja, Mkurugenzi wake alisema jana asubuhi kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili wenye viti thelathini na watu hamsini. Kando yake, ndani ya kabati la kioo, lilikuwapo jiko la mkaa lenye droo ya kutolea majivu. Fundi bati aliyelibuni, mama wa makamo, alikaa safu ya tatu. Aliomba jiko lake lisajiliwe ili wengine wasiliige. Hotuba nzima ni hii.

"Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye ametuma udhuru, Mheshimiwa Kaimu Katibu wa Kamati ya Muda ya Kudumu, waheshimiwa wenyeviti, makamu wenyeviti, na wajumbe wa kamati ndogo ya viti, ambao najua wengine mmesimama, viongozi wa dini mliopo na mlioko njiani, mastekiholda wetu wa sekta ya bati, chuma na mbao, shemeji yangu mkandarasi, simama wakuone, haya, kaa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Shemeji anasimama tena.)

Nianze kwa kusema kwamba bidhaa bandia ni adui, na kwamba kwa kutambua uadui huo ofisi yangu, chini ya uongozi wangu, kwa maono yangu, ilibuni mkakati shirikishi, jumuishi na endelevu wa kuratibu mchakato wa utekelezaji wa mpango wa kumlinda mbunifu, mkakati ambao nimeuwasilisha kwenye semina kumi na moja, na katika semina zote hizo hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza swali. (Makofi.)

Utaratibu wetu ni mwepesi kama unyoya. Fundi analeta kitu chake, kimoja, kizima, kinachofanya kazi. Sisi tunakiweka kwenye kabati la kioo kwa siku tisini ili umma ukitazame, na mwenye pingamizi aseme. Huo ndio uwazi! Nina data hapa. Katika siku tisini za jiko hili tumepokea watazamaji mia nne na kumi na wawili. Kati yao mia tatu na tisa walikuja na futi za kupimia, tisini na sita walikuja na karatasi na kalamu ya kuchorea, na saba waliuliza choo kiko wapi. Pingamizi: sifuri! (Makofi marefu.)

Mwamko kama huo sijapata kuuona. Wapo waliotuomba kwa adabu tuwatolee droo ili waione kwa nyuma, nasi tukawatolea, maana ofisi ya umma si ya kumfungia mtu droo. Yupo hapa ndugu yetu, fundi mwenzenu, ambaye alikuja mara kumi na nne, nasi tukamzoea hata tukamwita Bwana Futi. Bwana Futi, njoo uchukue cheti chako cha Mtazamaji Bora! (Vigelegele. Bwana Futi anapita mbele, anapokea cheti, anainama kidogo kulitazama jiko, anarudi kukaa.)

(Fundi wa jiko, kutoka safu ya tatu: 'Mheshimiwa, naomba kusema.')

Utasema, mama yangu, ratiba inakuja huko.

(Fundi: 'Ratiba sijapewa, nitasema sasa. Wateja wananirudishia majiko ambayo sikuyatengeneza. Yote yanachechemea. Lile la kwenye kabati nililikata usiku wa kuamkia siku yenu ya mwisho ya kupokea vitu, nikakosea mguu mmoja ukawa mfupi kwa upana wa kidole. Ni hilo moja tu. Sasa sokoni kila jiko lina mguu mfupi, limewekewa kijiwe. Wamelipata wapi kosa langu, baba?' Kicheko. Bwana Futi anasoma cheti chake.)

Mmesikia! Mama huyu amethibitisha kwa kinywa chake kwamba sasa tuna viwango. Zamani kila jiko lilisimama lilivyotaka. Leo nenda mwanzo wa soko hadi mwisho, majiko yote yanainama upande mmoja, kwa kipimo kimoja! Hata la nyumbani kwangu. Mke wangu aliponiuliza kijiwe kinafanya nini chini ya jiko, nilimwambia, mama watoto, hiyo ndiyo alama ya ubora. (Kicheko. Sauti: 'Akakujibu nini?') Alijibu mambo ya ndani.

Sasa, kuhusu usajili. Baada ya siku tisini wataalamu wangu walikwenda sokoni kufanya upembuzi yakinifu, wakakuta majiko ya aina hii mia mbili na arobaini. Mabibi na mabwana, kitu kinalindwa kikiwa kipya. Kitu ambacho kila mtu anacho hakiwezi kuitwa kipya. Kwa hiyo ombi la mama limekataliwa, na barua niliiandika mimi mwenyewe, kwa lugha nzuri sana. (Minong'ono.)

(Fundi: 'Yaani mmewaonyesha waige, halafu mnaninyima kwa sababu wameiga?')

Mama, hilo ni suala mtambuka. Lakini mlango hatujafunga! Leta jiko jingine, lililoboreshwa, na litakaa siku tisini kama mwenzake.

Nimalizie kwa kaulimbiu. Nikisema 'Ubunifu', mjibu 'Wetu'. Ubunifu! (Watu: 'Wetu!') Kazi! (Watu: 'Yetu!') Bandia! (Watu: 'Zetu!') Hapo mngesema 'Zife', lakini ari nimeiona.

Nawashukuru nyote. Kipekee namshukuru muuza saa wa ghorofa ya chini aliyetuazima kabati hili, naona amesimama pale mlangoni, analihitaji kabla ya saa saba. Namshukuru shemeji yangu, atakayejenga Kituo siku kiwanja kitakapopatikana. Namshukuru mtumishi wa Kituo, ambaye bado hajaajiriwa, na nawashukuru watakaotunga sheria ya kukianzisha, kwani kwa sasa Kituo ni mimi na ufunguo huu, nao ni wa kabati. Asanteni kwa kunisikiliza." (Makofi machache. Muuza saa anaingia.)

Jiko lilitolewa na kuwekwa sakafuni, likainama. Fundi alilichukua, akamsogelea Mkurugenzi.

"Mheshimiwa, hilo jingine nilete wapi, na kabati linaondoka?"

"Tutaliweka dirishani, mama. Hata mwanga wa kupimia utakuwa mzuri zaidi."

"Siku tisini?"

"Kamili."

"Basi nitaleta. Safari hii nikikosea, nitakuwa nimekusudia."

"Makofi kwa mama huyu!" alisema Mkurugenzi.

Bwana Futi alikuwa bado yupo, cheti kwapani. Fundi alimuuliza kama atakuja.

"Siku ya kwanza, dada."

"Njoo na futi, kaka. Pima kila kitu. Hasa droo."

Sampuli mpya zitapokelewa Jumanne, saa tatu asubuhi, dirishani.