Chati Mbili za Pumzi

Kwa furaha isiyo kifani, Idara ya Pumzi Bora ya mji wa Chiang Mai iliutangazia umma kwamba kuanzia asubuhi hiyo hakuna mwananchi atakayebanwa na kifua kiholela. Moshi wa mashamba yanayochomwa ulikuwa umeuficha mlima mzima, lakini mlima haukuwa chini ya Idara hiyo. Kila mwenye pumu angepuliza mashine, na chati ingeamua kama kweli anaumwa. Chati zilikuwa mbili, ya mabwana iliyodai pumzi nyingi na ya mabibi iliyodai pungufu, maana Idara haipendi ubaguzi.

Rinlada aliwahi foleni. Alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya manispaa, pampu yake ya pumu ilikuwa imekwisha, na alasiri hiyo bendi ilitakiwa kufungua sikukuu ya kumwagiana maji. Bila pampu hakuna tarumbeta, na kiongozi wa bendi alikwisha kumtafuta mtu wa kushika nafasi yake. Akapuliza mpaka machozi yakamtoka.

Nesi Duangjai alisoma, akasoma tena. "Dada, kwa chati ya mabibi wewe ni buheri wa afya. Kwa ya mabwana, unaumwa."

"Basi nipe pampu, shoga yangu. Kifua changu hakijui kusoma chati."

"Kitambulisho kinasema Bwana, sketi inasema Bibi. Hili ni la wakubwa."

Mkubwa akaja mwenyewe. Mkurugenzi Phairot alichungulia faili la Rinlada, kisha akamtazama kwa huruma ya kiofisi. "Hivyo vidonge vyako vya homoni za kike ndivyo vinavyoyumbisha takwimu zetu. Viache, uandikwe Bwana, uondoke na pampu leo leo."

Hasira ilimpanda Rinlada. Tangu aanze vidonge hivyo ndipo alipoanza kujipenda kwenye kioo, na leo anaambiwa achague kati ya kujipenda na kupumua! "Daktari wangu kaniambia niendelee na vyote viwili, vidonge na pampu, mheshimiwa. Na huu moshi sikuuleta mimi."

"Basi kamati itakaa. Kwa sasa unaruhusiwa kupumua kwa muda."

"Muda gani?"

"Mpaka kamati ikae."

Hapo wapiga picha wakaingia. Ratiba ilimtaka Mkurugenzi apulize ili awe mfano mwema, na waraka wake mwenyewe ulisema kiongozi asiyefikia chati atapumzishwa kazi. Akavimbisha mashavu, akapuliza. Mshale wa mashine ukainuka kidogo, ukakata tamaa.

"Kwa chati ya mabwana, mheshimiwa, unaumwa," nesi akasema.

"Tumia ile nyingine," akanong'ona.

"Ya mabibi?"

"Fanya upesi, mama!"

Kwa chati ya mabibi alikuwa buheri wa afya. Makofi yakapigwa. Mashine, ambayo haijui kupendelea, ikatoa cheti: Bibi Phairot. Foleni nzima ikaangua kicheko, barakoa zikawashuka kidevuni.

Mkurugenzi akafoka, akavuta moshi mwingi, kifua chake kikaanza kupiga filimbi. Akanyoosha kidole kwenye sanduku la pampu.

"Haiwezekani," nesi akasema kwa masikitiko. "Cheti kinasema u mzima. Niite kamati?"

Mkurugenzi akanyakua kalamu, akaandika kwenye mgongo wa cheti chake: Kifua kikipiga filimbi, mtu apewe pampu, chati baadaye. Akatia sahihi, macho yamemtoka.

Nesi akafungua sanduku. Pampu ya kwanza akampa Rinlada, kwani foleni ni foleni. Ya pili akamrushia Mkurugenzi, ambaye hakujua hata kuishika. Rinlada akamshikia.

"Toa pumzi yote kwanza. Sasa vuta taratibu, ibane. Hivyo hivyo, dada, utazoea."

Alasiri tarumbeta ya Rinlada ililia mpaka ng'ambo ya mto. Mkurugenzi naye ameomba arudishiwe ubwana wake. Kamati haijakaa, kwa sasa anaruhusiwa kuwa Bibi kwa muda.