Babu Aliyelizaa Neno Kabambe

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji kaandika kwenye kibao chake: MEZA KABAMBE. Kaka wa mke wangu, seremala mwenzangu, karakana zetu ukuta kwa ukuta! Na keshokutwa mwalimu mkuu anakuja kuchagua nani atatengeneza meza kumi za maktaba. Mke wangu keshasema nikiikosa kazi hii, nikapige msasa kwa kaka yake. Mimi! Nimefungua kamusi. Kabambe: kikubwa, imara, bora kabisa. Limetoka wapi? Kamusi yangu kimya. Basi limetoka kwetu. Babu mzaa babu alitengeneza meza kubwa mno, isiyotikisika, watu wakaiita kwa jina lake la utani. Nimeyabuni yote kabla chai haijapoa. Kichwa hiki!

Jumanne, 4 Machi

Ushahidi unatakiwa. Nimechonga "Kabambe" kwenye kipande cha mbao, nikakipaka masizi na majani ya chai, nikakitwanga nyundo. Kimezeeka kuliko mama mkwe. Mke wangu kauliza meza ya mfano iko wapi. Nikamwambia meza ni za wasio na historia. Akaguna, akaenda zake.

Jumatano, 5 Machi

Mwalimu mkuu kasikiliza hadithi nzima, hata akavua miwani. Akasema anapenda sana maneno yenye asili. Shemeji akameza mate. Raha iliyoje! Mwalimu akakipokea kipande changu kwa mikono miwili, akakigeuza. Nyuma: kibandiko cha duka la mbao, na tarehe ya Ijumaa iliyopita. Akauliza kwa upole kama babu alikwenda dukani asubuhi au jioni. Kisha akapanda juu ya meza ya shemeji, na viatu vyake, akarukaruka. Haikulia hata kidogo. Akasema maana ya kabambe ameiona, asili itasubiri. Nilitamani ardhi inimeze. Mke wangu hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumatatu, 10 Machi

Napiga msasa kwa shemeji. Mguu wa kumi na saba. Vumbi hadi kwenye nyusi. Lakini somo nimelipata: kibandiko hubanduka kwa maji ya moto. Shemeji kaniletea chai, kaniomba niachane na ujanja. Nimemwitikia vizuri tu. Majani ya chai nimeyatia mfukoni. Kuna kipande safi cha mbao chini ya benchi, na neno "bomba" bado halina mwenyewe.