Kamati ya Watoto Yasubiri Mwezi

Alhamisi, 19 Mei 1955
Mguu wa Sichana umeunga. Daktari amemruhusu kutoka wodini. Bibi yake, Bi Mwanapili, amekuja kutoka Uroa kumchukua. Gauni la sikukuu ameshamshonea. Saini yangu ingetosha. Lakini mtoto huyu anahusu idara tatu: Afya, Elimu na yangu ya Ustawi. Akiondoka sasa, Kamati ya Watoto, niliyoipigania tangu niliporudi kutoka chuoni Makerere, itakosa kazi yake ya kwanza. Kikao Jumatatu. Bi Mwanapili aliuliza kama mguu nao unangoja kikao ndipo utembee. Swali la haki. Nikamwandikia saa ya kikao.

Ijumaa, 20 Mei
Bwana Mkadam wa Elimu anataka tukae kesho. Eti mwezi huenda ukaandama Jumapili. Nilimwonyesha kalenda ya ofisi: Idi ni Jumanne. "Bi Kidawa," akasema, "mwezi haujapata nakala." Makarani walicheka. Nadhani anautaka uenyekiti. Huenda namdhulumu. Nimekataa hata hivyo.

Jumapili, 22 Mei
Magharibi nilipanda darini kutazama. Mawingu matupu. Nikashuka nimeridhika. Futari haijapoa, mizinga ikalia. Mwezi umeonekana shamba. Jirani yangu Borafya aliita dirishani: "Sikukuu hiyo, Bi Kidawa! Nyama ushapata?" Nikamjibu kwamba nina kikao.

Jumatatu, 23 Mei, Idi Mosi
Nilikwenda. Ofisi ina kufuli. Wodini Sichana amekaa kitandani na gauni lake la marinda mekundu, akitazama watoto wakipita kwenda kwenye pembea za sikukuu, uwanja wa Mnazi Mmoja. Kalamu nilikuwa nayo. Lakini tukianza kwa saini ya mtu mmoja, uratibu uko wapi? Bi Mwanapili hakunipa mkono wa Idi.

Ijumaa, 27 Mei
Kikao kimekaa. Wote wameafiki aende. Hata chai haijaletwa, kikao kimekwisha. Nilimsindikiza mtoto mpaka Mnazi Mmoja. Pembea zimeshang'olewa, yamebaki mashimo. Akauliza sikukuu imekwenda wapi. "Iko kikaoni," bibi yake akamjibu. Mkadam alikuwapo, wala hakucheka.

Nimelifikiria jambo hili kwa uchungu, na ninaamini, ingawa si kwa yakini, kwamba kosa nimeliona: hatukuwashirikisha watazama mwezi. Nimependekeza kamati ndogo. Jecha, mtoto wa kitanda cha pili, ameruhusiwa leo. Nimemwomba mama yake asubiri mpaka iundwe.