Kura Zilizoshikwa na Baridi

Jumatano, 4 Juni 2025

Habari kubwa! Leo kwenye sala ya jumuiya yetu hapa Mabira, Katekista Byabato ametangaza kwamba mkesha wa Pentekoste utakuwa juu ya kilima cha Rutare. Alfajiri, tukimaliza rozari, tutachagua mwenyekiti mpya. Kwa mstari: unayemtaka, unasimama nyuma yake. Na mwenyekiti ndiye atakayempokea Baba Askofu akija Agosti. Atamkabidhi kikapu cha kahawa ya kutafuna kwa mikono yake mwenyewe!

Miaka sita mimi ni katibu. Miaka sita naandika majina ya waliohudhuria, na hakuna aliyewahi kusema ahsante Mama Vero. Askofu hanijui hata kwa kivuli.

Mwenzangu wa kugombea ni Placidia, jirani. Anaimba vizuri. Anapanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani huku anacheka. Ee Bwana, simchukii. Nataka tu ashindwe.

Ijumaa, 6 Juni

Nimepanda Rutare kukagua. Baba Vero kanisindikiza akilalamika toka chini mpaka juu, eti kesho tunapanda tena hukohuko, leo kuna haja gani. Wanaume hawajui mikakati.

Kileleni upepo unakaribia kukuvua kanga. Lakini upande wa machweo, chini ya jiwe kubwa, kuna kibonde kama bakuli. Upepo hauingii kabisa! Hapo watasimama watu wangu. Placidia apewe ukingoni, upande wa pili. Alfajiri yenye baridi, nani ataacha kibonde akasimame kwenye upepo?

Jioni nimemwambia katekista kwamba kwa ajili ya utaratibu, kila mgombea apangiwe mahali pake mapema. Akasema hewala, katibu andika. Nikaandika. Placidia akacheka, akasema hata nikimpanga juu ya miiba atasimama.

Kupanga si dhambi. Hata Nuhu alipanga.

Jumamosi, 7 Juni, jioni

Mvua ya mawe! Saa kumi kamili, mwezi wa sita, kiangazi kimeshabisha hodi! Nusu saa nzima imepiga bati mpaka tukasali kwa ishara. Migomba imechanika kama mifagio. Nikadhani mkesha umeahirishwa. Katekista kapita sasa hivi kaulizwa, kajibu kwamba Roho Mtakatifu haogopi mvua. Tunaondoka saa tatu.

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste

Naandika miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto.

Kupanda kulikuwa ni kuteleza. Nikuze, rafiki yangu, aliteleza kwenye Salamu Maria ya tatu akateremka na waamini wanne, wote wakiendelea kusali. Mimi nikawatangulia nikalinde kibonde changu. Gizani nikashika njia ya ng'ombe nikidhani ni ya watu. Nikatokea zizini. Nilifika kileleni wa mwisho. Placidia alishawasukuma vikongwe wawili mpaka juu na kuwasha moto ukingoni.

Kukapambazuka. Nikatazama kibonde changu. Cheupe! Mawe yote ya mvua yalikuwa yameporomokea humo, yamejaa mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mzee Nsanzimana, miaka themanini, aliokota moja akalilamba, akasema toka Rwanda mpaka hapa hajawahi kukanyaga kitu kama hiki. Watu wakasema tumefika Kilimanjaro bila nauli.

Nikaomba tubadilishe mahali. Katekista akakunjua karatasi yangu, akasema katibu ameshaandika, tuheshimu.

Na bado nilikuwa nashinda! Nyuma yangu watu ishirini na mmoja, nyuma ya Placidia kumi na saba. Katekista akainua kidole ahesabu. Nikasema ngoja kwanza, niwaambie maneno machache.

Nilikuwa na hoja saba.

Hoja ya pili, nikasikia kandambili zinapigapiga. Hoja ya tatu, Nikuze akaniambia dada nisamehe, moyo wangu uko kwako ila vidole vimeshakwenda kwa Placidia. Akavifuata. Kule ukingoni jua lilishachomoza, upepo umetulia, moto unawaka. Hoja ya tano, Baba Vero! Mume wangu wa ndoa takatifu! Akaruka kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto, akasema tutazungumza nyumbani.

Nilipomaliza nikageuka. Amebaki Mzee Nsanzimana, mwenye mabuti ya mpira, anaendelea kulamba barafu. Mmoja kwa thelathini na saba.

Nikasema machozi ni ya baridi. Placidia akaja, akavua kanga yake ya juu, akanifunga miguu. Hilo limeniuma kuliko kura.

Jumatatu, 9 Juni

Mafua. Baba Vero amelala sebuleni, kwa hiari yake.

Asubuhi Placidia kaja na uji wa tangawizi. Anasema mbele ya Askofu ulimi utamkauka. Kikapu atakabidhi yeye, ila risala nisome mimi, kwa kuwa maneno ninayo. Nikamkumbatia. Nikaungama habari ya ukingo. Akacheka mpaka akakaa chini, akasema alijua toka Ijumaa. Ana ombi moja tu: waitu, tafadhali Mama Vero, isizidi dakika mbili.

Nimetafakari sana mbele ya msalaba. Kosa langu nimeliona. Hoja saba zilikuwa chache mno, watu hawakushiba. Nimezipanga upya, sasa ni kumi na nne. Na Baba Askofu huvaa viatu na soksi. Huyo hana pa kwenda.